Kumbe

Mzee Eladio amesimama nje, mvua ya Vigo inampiga kisogoni,
amelibandika gazeti kwenye kioo cha dirisha langu
kama mtu anayemwonyesha mfungwa picha ya mwanawe.
Mimi niko ndani, nasoma.
Wino mbichi hunikaba kifua, basi magazeti huyasoma hivi,
na barua huzianika kambani siku mbili
mpaka zisahau mikono iliyoziandika.

Leo si habari ya kodi wala ya mpira.
Ni Uxía Baltar, yule wa tamthilia ya usiku,
uso uliokaa miaka kumi kwenye vituo vya basi
juu ya chupa ya manukato yenye rangi ya asali.
Amejitokeza hadharani. Anasema manukato yanamuumiza.
Sabuni ya jirani humtia ukungu kichwani;
jukwaani alisahau maneno, watu wakadhani amelewa;
sasa analala chumba kisicho na zulia wala pazia.
Ugonjwa ameutaja kwa jina lake lote, lile refu
ambalo madaktari hulitamka huku wakitazama saa.

Namwashiria Eladio: fungua. Analamba kidole, anafungua.

Miaka kumi na mmoja nimeyasema hayo hayo.
Daktari wa kwanza aliniandikia vidonge vya huzuni.
Wa pili aliniuliza kama ndoa yangu ina amani.
(Ilikuwa nayo. Ikaja kuvunjwa na chupa ya mafuta ya ndevu
ambayo Brais hakuweza kuiacha. Kila mtu na chake.)
Kwenye mazishi ya mama nilibaki uani, peke yangu,
kwa sababu ya ubani, maua, na makoti yaliyotoka kwa dobi,
wakanong'ona: mtazameni asiyemlilia mamaye.
Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.
Mimi nilinyongwa vizuri tu.
Haki imekwenda ukurasa wa saba, na picha ya rangi.

Basi nakiri, nimemwonea wivu.
Si afya yake, afya hana.
Nimeuonea wivu ugonjwa wake, jinsi unavyoaminika.
Chini ya picha, waziri naye ameahidi kamati.

Kuna jambo sijamwambia Eladio.
Zamani nilikuwa msichana wa kaunta, duka kubwa, ghorofa ya chini,
viatu virefu, tabasamu la mwajiri,
nikiwapulizia watu mikononi kabla hawajakataa.
Desemba moja akaja yeye mwenyewe, miwani nyeusi,
mpiga picha nyuma yake.
Nikamshika mkono. Ulikuwa mwembamba, wa baridi.
Nikapuliza. Mpiga picha akasema, tena.
Nikapuliza tena. Mara sita, mpaka picha ikakubali.
Akakohoa. Tukacheka sote, yeye akatushinda kwa kucheka.

Sisemi ni mimi. Nani alijuaye tone lililojaza mtungi?
Na mtungi wangu mimi, ulijazwa na nani,
kama si mkono huu huu, saa nane kwa siku?

Eladio amelowa chapachapa. Namwashiria, inatosha, nenda.

Asubuhi amerudi na mkate.
Kwa kawaida huuweka kizingitini, hurudi nyuma hatua tano,
na marashi yake ya mrujuani hubaki yakinibishia hodi.
Leo hakurudi nyuma.
Nywele zimemsimama, hazina mafuta. Shati limefuliwa kwa magadi
na linaonekana limefuliwa kwa magadi.
"Nimesoma yote," anapaza sauti nje ya kioo. "Kumbe ni kweli."

Kumbe.
Miaka kumi na mmoja, nikaletewa kumbe, na mkate.

Nilitaka kumjibu jambo. Nilikuwa nalo, limenolewa tayari.
Nikafungua dirisha. Si lote, upana wa kiganja.
Nikavuta pumzi kidogo, kama mpishi anayeonja chumvi.
Mvua. Ngano.
Mtu.